Kipimo cha sistatini C: uzoefu wangu wa kupima figo Mombasa

Kreatinini yangu, ile taka ya damu inayotumika kupima figo, ilitoka mikromoli 66 kwa lita. Kila niliyemwonyesha ile karatasi aliniambia figo ni nzima, na kwa hesabu ya maabara zilionekana nzima kweli: uchujaji wa mililita 89 kwa dakika, kwa mwanamke wa miaka 64 aliyeishi na sukari miaka mingi. Mimi sikuridhika, kwa sababu mkojo wangu ulikuwa ukisema mengine. Albumini, protini ya damu ambayo figo nzima huizuia, ilikuwa miligramu 110 kwa kila gramu ya kreatinini, na inapaswa kuwa chini ya 30. Ndipo daktari wangu wa sukari akaniandikia kipimo kingine cha damu cha figo, sistatini C. Naandika haya kwa ajili ya watu kama mimi, waliokonda, wenye umri, wenye sukari au presha, ambao karatasi yao ya figo kila mara inasoma vizuri.

Nilifundisha bayolojia sekondari hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie kidogo hapa.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo huitoa, na ikizidi kwenye damu tunasema figo zimechoka. Lakini kiasi kinachoingia kwenye damu kinategemea mtu ana misuli kiasi gani, na hata amekula nyama kiasi gani. Kijana wa gimu aliyejaa mabega, tena anayekunywa unga wa kreatini, anaweza kuonekana mgonjwa na figo zake hazina neno. Mimi ni kinyume chake. Tangu mwili uanze kupungua, bangili yangu iliyokuwa inakaa kwenye kifundo cha mkono sasa inapanda mpaka karibu na kiwiko. Nyama kwangu ni ya Ijumaa, siku nyingine ni mbaazi, samaki na mchicha. Mtu wa namna hii hutengeneza kreatinini kidogo, na hiyo kidogo hata figo dhaifu inaimudu. Namba inatoka nzuri kwa sababu misuli imekwisha.

Sistatini C haitokani na misuli. Ni protini ndogo, asidi amino 120 tu, inayotengenezwa na karibu kila seli ya mwili yenye kiini, mchana na usiku, kwa mwendo unaokaribia kuwa mmoja. Mwenye kukamua nazi ataelewa mara moja: kifumbu kizima hupitisha tui kikazuia chicha. Sistatini ni tui, inapita kwenye chujio za figo bila kizuizi, kisha mirija ya figo inaivunjavunja isirudi tena kwenye damu. Kwa hiyo ikirundikana kwenye damu, kasi ya kuchuja imeshuka. Albumini ndiyo chicha. Ukiiona kwenye mkojo, kifumbu kimeanza kutoboka. Ndiyo maana vipimo hivi viwili huenda pamoja, na mimi ningemsihi kila mwenye sukari asikubali kupimwa damu bila kupimwa mkojo.

Wala si kipimo cha jana. Protini hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1961, na mwaka 1985 Anders Grubb na wenzake wa Lund, Sweden, wakapendekeza itumike kupima uchujaji wa figo. Miongozo ya kimataifa ya figo, ile ya KDIGO, iliitaja mwaka 2012 kama njia ya kuthibitisha pale kreatinini inapoleta shaka, na ile ya 2024 ikapendekeza hesabu inayounganisha vyote viwili pale ambapo sistatini inapatikana. Kuna jambo jingine linalonigusa kama Mwafrika. Hesabu ya kreatinini ya mwaka 2009 ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16 juu ya uchujaji wake, na mpaka ilipoandikwa upya mwaka 2021 wako watu ambao figo zao zilionekana na nguvu zaidi kwenye karatasi kuliko mwilini. Hesabu ya sistatini peke yake inayotumika sasa haiulizi rangi ya mtu. Ukipokea majibu ya kreatinini, uliza ni kanuni ya mwaka gani iliyotumika.

Sasa huduma yenyewe. Natoka Likoni, nikavuka na feri asubuhi nikaenda maabara moja binafsi upande wa kisiwani. Dada wa mapokezi alisoma karatasi ya daktari, akaandika kreatinini. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo siyo. Tazama tena." Akanijibu kwa adabu, "Samahani mama, hii nyingine hatuiandiki mara kwa mara," akamwita mkubwa wake. Hapa nasisitiza: usiondoke kaunta kabla ya kusoma jina la kipimo kwenye risiti. Majina yanafanana kwa haraka ya asubuhi, na ukilipia kisicho chako utaambiwa baadaye majibu ndiyo hayo.

Kutolewa damu ni kama kipimo kingine chochote, kichupa kimoja kutoka mkononi, na si lazima kufunga. Nilikuwa nimekunywa chai na mahamri na hakuna aliyenikemea. Nesi alikuwa na mkono mwepesi, alhamdulillahi, maana mishipa yangu hukimbia. Damu ikapelekwa Nairobi, kwa hiyo majibu hayatoki siku hiyo hiyo. Bei ndiyo iliyoniuma. Nililipa mara kadhaa ya bei ya kreatinini, na bima haikunisaidia kitu. Piga simu uulize kwanza, kwa sababu maabara mbili za mji mmoja zilinitajia bei mbili zilizoachana sana.

Majibu: miligramu 1.55 kwa lita. Maabara ilitoa namba hiyo peke yake pamoja na viwango vya kawaida vya mtu mzima, haikutoa hesabu ya uchujaji. Hilo ni pungufu kubwa. Mgonjwa asiye na daktari mwenye subira angeona tu kuwa amepita kidogo, akaiweka karatasi kwenye droo. Wala haikuandikwa kama mashine yao imesawazishwa na kipimo rejea cha kimataifa kilichotoka mwaka 2010, jambo ambalo kwa sistatini lina uzito kwa sababu kabla ya hapo mashine tofauti zilikuwa zikitoa namba tofauti kwa damu moja.

Daktari wangu alipiga hesabu mbele yangu. Kwa sistatini peke yake, uchujaji ni 40. Kwa hesabu inayounganisha na kreatinini, 58. Kumbuka kreatinini peke yake ilisema 89. Nilinyamaza nikitazama zile namba tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja kwenye karatasi moja, zote za damu yangu.

Nikamuuliza, "Sasa daktari, ipi ndiyo kweli?" Hakukimbilia kujibu. Kwanza aliniuliza kama nimetumia prednisolone, dawa ya steroidi, karibuni, kwa sababu dawa za namna hiyo hupandisha sistatini. Akaangalia majibu ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi sistatini hupanda, ikilegea hushuka. Akauliza kuhusu sigara na homa au uvimbe mahali popote. Unene nao huipandisha, lakini hilo kwangu halikuwa na haja ya kuulizwa. Yote yalipokuwa safi ndipo akasema kwamba kwa mwili ulivyokonda hivi, na kwa albumini ile kwenye mkojo, yeye anaegemea upande wa sistatini. Nampenda daktari anayefikiri kwa sauti mbele ya mgonjwa.

Na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Diklofenaki, dawa yangu ya maumivu ya magoti, ambayo huku kwetu inanunuliwa dukani kama peremende, aliifuta kabisa kwenye karatasi kwa mstari mmoja mzito, kwa sababu dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Metformin, dawa yangu ya sukari, akaipunguza nusu, kwani uchujaji ukiwa chini ya 45 dozi yake haipaswi kuwa kubwa. Losartan, dawa ya presha, akaipandisha kutoka miligramu 50 hadi 100 ili kulinda chujio, na akaniandikia kupima potasiamu baada ya hapo. Kwa uchujaji wa 89 hata moja ya haya huenda lisingefanyika.

Je, kila mtu akipime? Kwangu mimi, hapana. Mtu wa mwili wa kawaida, mkojo safi, presha nzuri, kreatinini inamtosha na aweke pesa zake. Lakini mzazi aliyenyauka kwa umri, mtu aliyekatwa mguu, aliyelala kitandani muda mrefu, au kijana mwenye misuli mingi aliyetishwa na kreatinini ya juu, hao wamwulize daktari wazi kuhusu kipimo hiki. Na zaidi ya wote wale ambao mkojo wao na damu yao havikubaliani.

Ningeipa huduma ya maabara nyota tatu kati ya tano, kwa sababu ya ile karatasi nusunusu. Kipimo chenyewe nakipa tano. Ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa majibu ya siku moja, lazima dosari idumu zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo nitarudia katika maabara ileile, kreatinini, sistatini na mkojo asubuhi moja, na safari hii nitaomba hesabu ya uchujaji iandikwe kabla sijalipa.