Sola ya trela la kambi: nilichonunua mara ya pili

Haya wadau, karibuni. Huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni friji, na siizimi hata kwa ajili ya video, maana leo yeye ndiye mwenye kesi.

Hili ndilo trela letu la kambi, tunalivuta na Land Cruiser kila tukipata wikiendi ndefu. Wengi mnaniuliza, "Kaka, niweke paneli ya wati ngapi?" Swali hilohilo niliuliza dukani miaka mitatu iliyopita, nikajibiwa palepale: wati 200 zinatosha. Muuzaji hakuniuliza nina friji gani, tunalala wangapi, tunakwenda wapi. Na mimi sikumwambia. Nikaondoka na paneli, betri ya jeli ya Ah 100 (amp-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), kontrola ya bei rahisi ya kusimamia chaji ya betri, na inveta ya wati 2000, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iliyonifanya nijione tajiri.

Safari ya kwanza tukaenda Engare Sero, kule Ziwa Natron. Waliofika wanalijua joto lake. Usiku wa pili, kwenye saa 9, friji kimya. Kulipokucha kilo 3 za nyama ya mbuzi zilikuwa zinanuka, na mama watoto ananitazama tu, hasemi kitu. Afadhali angesema.

Sasa kaeni na kalamu. Friji yangu ni ya lita 45, ya kompresa, inatumia volti 12 moja kwa moja. Nimeipima kwa mita: hapa Arusha kwenye baridi ya Julai inakula kama Ah 25 kwa siku nzima. Natron inafika 40. Mimi napiga hesabu kwa Natron, si kwa Arusha, hivyo Ah 40 mara volti 12.8 za betri yangu ya sasa, andika wati-saa 510. Taa nne za wati 5, saa 5 kila usiku: 100. Feni mbili za wati 15, saa 7: 210. Simu na kamera, weka 80. Pampu ya maji haizidi 20, maana watoto tumewakataza kuichezea. Jumla 920. Ongeza kidogo ya mgeni anayekuja na laptop, sema 1100.

Jua letu, ukilihesabu kwa nguvu yake kamili, chukua saa 5 kwa siku. 1100 gawa kwa 5 unapata 220. Lakini paneli ikiwaka moto juu ya bati inapungua nguvu, vumbi nalo lina chake, waya una chake, kwa hiyo robo nzima ihesabu imeliwa. Ndiyo maana juu pale mnaona paneli mbili za wati 150. Na tazameni hapa chini yake, kuna uwazi wa vidole vitatu. Siyo bahati mbaya. Upepo uachiwe njia upite, paneli isibanwe kwenye bati kama stika.

Paneli ndiyo kila mtu anaitazama, kwa sababu iko juu na inang'aa. Ila nyama haikuoza mchana, ilioza usiku. Kuanzia saa 12 jioni mpaka jua lipande vizuri, trela hili linakula karibu wati-saa 600. Betri yangu ya jeli ilikuwa na 1200 kwenye karatasi, yaani Ah 100 mara volti 12, na betri ya namna hiyo ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo nilikuwa na 600 kamili, bila akiba, na bila siku ya mawingu. Hii mpya ni lithiamu ya aina ya fosfati, Ah 100 vilevile, ila naweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi. Kwa volti zake 12.8, hiyo ni zaidi ya wati-saa 1000. Na uzito, oneni, naiinua kwa mkono mmoja. Ile ya jeli ilikuwa kilo 30 na ushee. Bei yake inauma, sifichi. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, itie hapa, paneli ya pili utaongeza mwakani.

Inveta nimeiuza. Ndiyo, nimeiuza. Ikiwa imewashwa tu, haijachomekwa kitu, ilikuwa inavuta wati 15. Zidisha kwa saa 24: 360. Hizo ni taa na feni zangu zote na chenji inabaki. Halafu watu wanataka kuchemshia birika la wati 1500 kwenye betri ya volti 12. Hiyo ni zaidi ya amp 120. Chai inachemka kwa gesi, jamani. Laptop ina chaja yake ya gari.

Haya, njooni huku nyuma niwaonyeshe kilichoniuma kuliko yote. Huu waya mwembamba nimeutunza makusudi. Ni wa milimita za mraba 1.5, ndio fundi alioupitisha kutoka kwenye betri pale mbele hadi kwenye friji huku. Mita 6 kwenda, mita 6 kurudi. Friji inavuta amp 5, na njiani zinapotea volti 0.7. Betri ina 12.2, friji inapata 11.5, kinga yake inadhani betri imekwisha, inajizima. Kwa hiyo usiku ule betri wala haikuwa tupu! Nimemlaumu muuzaji wa paneli mwaka mzima kumbe mwizi ni waya. Huu mpya ni wa milimita za mraba 6, upotevu haufiki hata volti 0.2. Na fyuzi iko hapa, shingoni mwa betri. Usiiweke kule kwenye friji, maana waya ukichunika katikati kwa mtikisiko wa barabara, fyuzi ya mbali haikusaidii.

Kontrola ni MPPT ya amp 30, aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa amp za kuchaji. Ile ya zamani, aina ya kawaida inayoitwa PWM, ilikuwa inaishusha paneli ya volti 18 mpaka kwenye volti za betri, tofauti yote inapotea. Sina la ziada, nunua MPPT.

Mnaotazama video za Wamarekani na matrela yao makubwa, mtaona wanainua paneli kwa miguu ya chuma. Wao wana sababu: Arizona wakati wa baridi jua la mchana liko chini, paneli iliyolala inapoteza karibu nusu. Sisi jua liko utosini. Hata Juni, kwa Arusha, kulaza kunakugharimu kama asilimia 10 tu. Ndugu zangu mlioko huko Marekani, hiyo miguu nunueni. Sisi tulaze.

Adui yetu ni kivuli. Tazameni skrini ya kontrola, amp 16. Sasa naweka dumu la maji kwenye kona ya paneli moja, kona tu… 8. Paneli nzima imekwenda, kwa kivuli cha dumu. Bahati nimeziunga sambamba, ile nyingine inaendelea na kazi yake. Kwa hiyo keria ya madumu nimeihamishia kwenye mdomo wa trela, na nikifika kambini mimi naketi chini ya mgunga, trela linabaki juani. Friji imo kwenye boksi lenye matundu ya hewa, inavumilia.

Kitu kimoja nilichokaribia kukisahau: kuna chaja ya amp 20 inayochukua umeme kwenye oltaneta ya gari, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Lithiamu usiiunge moja kwa moja, inavuta mno, oltaneta inaweza kuungua. Kwa mwendo wa saa 4 naingiza Ah 80, nafika kambini nimeshiba.

Leo saa 1 asubuhi betri ilisoma asilimia 54. Sasa hivi saa 5… ngoja nifungue… 82. Friji nyuzi 4. Anayetaka mchoro wa nyaya aandike hapo chini, nitaupiga picha nikitoka kugeuza nyama choma.