Adapta ya waifai ya USB ya Mwanjelwa kwenye Linux: ichukue, ila angalia chipu kwanza

Wadau wa Mbeya mnaotumia Linux, zile adapta ndogo za waifai za USB zinazouzwa pale Mwanjelwa kwenye vibanda vya vifaa vya simu na kompyuta, boksi limeandikwa 600Mbps, nimeshaitumia yangu vya kutosha naweza kuisemea. Haina jina la kampuni la kueleweka, nimeichukua kwa elfu ishirini, na kwa hela hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimekata kwa sababu ya CD iliyomo ndani ya boksi, ntaelezea.

Kilichonifurahisha zaidi ni kijana wa dukani, nimemwomba nichomeke kwenye laptop kabla sijalipa na akakubali bila kununa. Na nyie fanyeni hivyo hivyo, maana boksi ni lile lile, rangi ile ile, lakini ndani chipu zinaweza kuwa tofauti kabisa. Fungua terminali uandike lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Yangu ilitokea 0bda:1a2b, na hapo wengi wanakata tamaa wanasema ni mbovu, kumbe hiyo namba maana yake adapta imejitambulisha kama CD yenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Windows, bado haijawa waifai. Mara nyingi programu ya usb_modeswitch inaigeuza yenyewe, ikigoma andika sudo eject /dev/sr0 (kama laptop yako ina sehemu ya CD hakikisha usije ukaifungua hiyo, adapta itakuwa sr1) halafu lsusb tena, sasa inasoma 0bda:c811. Hiyo ndo Realtek RTL8811CU, inashika masafa ya 2.4GHz na 5GHz, na hizo 600 za kwenye boksi ni 150 ya 2.4GHz jumlisha 433 ya 5GHz, yaani 583 wakaikuza, sio kwamba utazipata zote kwa pamoja.

Sasa draiva. Kama uko Linux Mint 22, ile iliyotoka Julai 2024 na kerneli (kiini cha Linux) 6.8, hukompaili chochote, yaani hujengi draiva mwenyewe kutoka kwenye kodi yake, unachomeka unachagua mtandao unaweka paswedi umemaliza. Draiva ya chipu hizi za USB, familia ya rtw88, iliingia ndani ya kerneli yenyewe kuanzia 6.2 mwaka 2023. Yaani kazi iliyokuwa inatesa watu miaka yote hiyo imeisha kimya kimya, na walioifanya wanastahili shukrani kubwa sana.

Shida ipo kwa wenye Mint 21 na kerneli 5.15, na najua mko wengi hasa wanachuo wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya) wenye laptop za mtumba ambazo mtu hataki kupiga upya kila kitu katikati ya semista. Ukibaki na kerneli hiyo lazima ukompaili. Kwanza intaneti unaitoa kwenye simu kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa bando kwa USB, Linux inaitambua hapo hapo haidai draiva. Kisha sudo apt install build-essential dkms git linux-headers-$(uname -r), na hiyo heda ya mwisho usiiruke, ndo inayomwambia kompaila kerneli yako imekaaje, bila hiyo make (amri ya kukompaili) inakufa mstari wa kwanza. Halafu unashusha sosi kodi ya 8821cu inayotunzwa na watu wa kujitolea GitHub, unaendesha skripti yake ya kuinsto.

Draiva ya kwenye CD ya boksi achana nayo kabisa! Boksi limeandikwa Linux kwa herufi kubwa na kweli folda ipo, ila kodi ni ya zamani na kerneli inabadilika ndani kwa ndani, mfano kuanzia 5.6 ya mwaka 2020 namna draiva inavyojisajili kwenye /proc ilibadilika, kwa hiyo kodi iliyoandikwa kabla ya hapo inatapika erori za file_operations hata kama umefuata maelekezo neno kwa neno. Mtu anayeanza Linux akikutana na hiyo anarudi Windows siku hiyo hiyo, inaniuma sana.

Kama Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokataa draiva isiyosainiwa) imewashwa, wakati wa kuinsto utaombwa utunge paswedi, ukiwasha tena inakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kusaini draiva) uweke paswedi ile ile. Ukiipita haraka haraka draiva itakuwepo lakini kerneli itaikataa, utaona maneno Key was rejected by service. Na tumia DKMS, usifanye make install peke yake, DKMS inakompaili upya kila kerneli mpya ikiingia, la sivyo siku moja umeapdeti asubuhi waifai hakuna. Halafu ukija kuhamia Mint 22 itoe hiyo ya GitHub, zisikae draiva mbili kwa chipu moja.

Matumizi yake sasa. Chumba kimoja na ruta, 5GHz inaenda vizuri sana, video haikwami, apdeti zinashuka bila tabu. Ukitoka vyumba viwili na hizi kuta zetu za tofali za kuchoma 5GHz inakata, rudi 2.4GHz inashika japo taratibu. Inapata joto kiasi ukishusha mafaili makubwa ila haijawahi kujizima. Ile yenye antena ndefu wanaitaja elfu thelathini, kwa anayekaa mbali na ruta aongeze tu hiyo elfu kumi, na akikuta lsusb inasema MediaTek MT7610U au MT7612U achukue bila kufikiria mara mbili, hizo kerneli inazijua toka 4.19, hata Mint 21 hakuna cha kukompaili.