Kumhamisha mbwa kutoka Lubumbashi hadi Brussels kupitia wakala: uzoefu wangu

Huduma ninayoieleza ni ya wakala wa mizigo wa hapa Lubumbashi anayeshughulikia pia wanyama wa watu wanaohama. Mzigo ulikuwa mbwa mmoja wa kilo 34, kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kupitia Addis Ababa hadi Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels. Nawapa alama tatu na nusu kwa tano. Kizimba, nafasi ya ndege na kazi ya siku ya kuondoka vilikwenda vizuri. Moja na nusu nimezikata hasa kwa sababu ya tarehe: hawakuzisimamia tarehe za chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu, na moja waliyoitaja waliitaja vibaya. Tarehe hizo ndizo zinazoamua kama mbwa atapita pale Zaventem au atazuiwa, kwa hiyo nazieleza kwa kirefu kuliko mengine.

Kongo haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa. Anayetoka kwetu anahitaji chipu, chanjo, kipimo cha damu, kisha kungoja miezi mitatu. Mpangilio ni huo huo, na ukikosea hatua moja, zote zinazofuata zinahesabiwa upya.

Chipu iwe ya tarakimu 15, ile ya masafa ya 134.2 kHz ambayo mashine za uwanja wa ndege zinaisoma. Iwekwe kabla ya chanjo au siku ile ile, na kwenye karneti (kijitabu cha chanjo) iandikwe kwenye mstari ulio juu ya ule wa chanjo. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi hata kama mbwa amechanjwa miaka mitano mfululizo, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa yule ndiye huyu. Mwambie dokta apitishe mashine mbele yako kabla ya kuichoma sindano, ili ujue chipu ni nzima, kisha tena baada ya kuichoma. Apitishe polepole, kuanzia shingoni, mabega yote mawili, mpaka kwenye viwiko, maana chipu huteleza chini ya ngozi na msomaji mwenye haraka husema haipo. Nakili namba kwa mkono wako kutoka kwenye mashine, usiitegemee stika peke yake. Tarakimu mbili zikipishana kati ya karneti na cheti, karatasi zote hazina thamani.

Chanjo ya kwanza haikubaliki kabla mbwa hajatimiza wiki 12. Kisheria dozi moja inatosha, lakini kwa mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa mimi nashauri dozi mbili, ya pili baada ya wiki nne hivi. Mbwa wadogo kwa umri na mbwa wa miili mikubwa hushindwa zaidi kuliko wengine kufikisha kiwango cha kingamwili kwa dozi moja tu. Halafu kuna jambo la baridi: chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na sisi tunajua umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unavyokatika. Friji iliyolala bila umeme usiku kucha haiachi alama kwenye chupa. Uliza kituo kina jenereta au betri, uliza kama kuna kipimajoto ndani ya friji, na ukijibiwa kwa kusitasita nenda kwingine. Lubumbashi tuna bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya wanyama pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo madaktari wanaoelewa maswali haya hawakosekani mjini.

Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Hapa ndipo wakala wangu alipokosea. Walisema, kwa mdomo na tena kwa ujumbe wa simu, kwamba miezi mitatu huanza siku ya chanjo. Sivyo: huanza siku damu ilipotolewa, na sharti kingamwili kwenye majibu ziwe zimefika 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita au zaidi. Kalenda sahihi ni hivi: chipu na dozi ya kwanza tarehe 6 Januari, dozi ya pili 3 Februari, damu 6 Machi, kuondoka kuanzia 7 Juni. Ni miezi mitano kamili. Aliyewasikiliza wao angekata tiketi ya mwanzoni mwa Mei na mbwa angekamatwa Zaventem, ambako hiari ni tatu tu: kurudishwa alikotoka, kufungiwa karantini kwa gharama yako, au, zikishindikana hizo, kuuawa. Kosa la namna hiyo silichukulii kama jambo dogo.

Maabara lazima iwe kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Sciensano ya Brussels imo, ANSES ya Nancy huko Ufaransa imo. Hawapimi damu nzima, wanapima seramu. Dokta atoe mililita 5 za damu kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, aiache igande, aizungushe kwenye mashine, kisha maji ya juu yahamishiwe kwenye tyubu nyingine safi. Yatazame mwenyewe kwenye mwanga: seramu nzuri ina rangi ya majani makavu, inapitisha mwanga. Ikiwa na wekundu wa juisi ya ngai-ngai (rosela), chembe za damu zimepasuka na maabara inaweza kuikataa. Hutokea damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au ikisafirishwa kabla haijatenganishwa, au ikigandishwa kwenye friza kabla ya kutenganishwa. Mililita 2 za seramu zinatosha na kubaki. Funga kwa tabaka tatu: tyubu yenye namba ya chipu, pamba ya kunyonya ndani ya chombo kisichovuja, halafu sanduku gumu lenye barafu ya pakiti. Mzigo uondoke Jumatatu au Jumanne, usije ukalala ghalani Jumamosi na Jumapili. Kwa kutuma seramu wakala walikuwa wazuri sana: sanduku lilikuwa tayari na fomu ya maabara ilijazwa bila kosa.

Majibu yakija chini ya 0.5, hakuna cha kubishana. Anachanjwa tena, anangoja siku 30, damu inatolewa upya na miezi mitatu inaanza upya. Yakija juu, yatunze kama hati ya nyumba: kipimo hicho hakirudiwi maisha yake yote, maadamu kila chanjo ya marudio inachomwa kabla ya ile iliyotangulia kwisha. Ikichelewa siku moja, umerudi mwanzo.

Cheti cha afya ni kile kielelezo cha Umoja wa Ulaya, si cheti cha kawaida cha hapa nchini. Kwa Ubelgiji chukua fomu ya Kifaransa na Kiingereza, ijazwe kwa herufi kubwa. Isainiwe na daktari wa serikali, au isainiwe na daktari binafsi kisha igongwe muhuri na mamlaka ya mifugo. Saini na muhuri viwe na rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, kwa hiyo beba kalamu ya buluu usije ukaambiwa iliyopo ni nyeusi. Tangu kusainiwa mpaka kukaguliwa mlangoni mwa Ulaya zisipite siku 10. Kwenye hizo 10 toa siku ya kutafuta muhuri, toa wikiendi, toa siku ya ndege kuahirishwa: mimi nasema isainiwe siku tatu au nne kabla, si tisa. Wakala walipata muhuri kwa siku mbili, na sehemu hii ya bei wanaistahili kabisa.

Ambatisha nakala ya karneti, majibu ya maabara na tamko lako la maandishi kwamba mbwa hauzwi. Tamko linakufunga pia kwa safari: mwenye mbwa, au mtu aliyemwandikia ruhusa, asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mbwa. Wapo wanaomtanguliza mbwa na wenyewe wakafuata baada ya wiki mbili. Mbwa huyo anahesabiwa kuwa bidhaa ya biashara, na masharti yake ni mengine na magumu zaidi.

Kizimba ndicho walichokifanya vizuri kuliko yote. Walikuja nyumbani na futi ya fundi nguo, wakapima mbwa akiwa amesimama: pua hadi shina la mkia sentimita 84, chini hadi kiwiko 36, upana wa mabega 25, chini hadi ncha za masikio 72. Kanuni ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ni hii: urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza pamoja na nusu ya cha pili, upana ni mabega mara mbili, kimo ni masikio pamoja na unene wa tandiko. Kwa huyu ikatoka 102 kwa 50 kwa 72 na ziada, na kizimba cha plastiki kilichofaa kilikuwa cha 102 kwa 69 kwa 76. Mbwa wa pua fupi huongezewa asilimia 10, na mashirika mengi hayawachukui kabisa kwa sababu ya pumzi.

Klipu za plastiki walizitoa zote wakaweka boliti za chuma na nati kuzunguka ukingo. Magurudumu yaliondolewa. Vyombo viwili, cha maji na cha chakula, vilifungwa mlangoni kwa ndani ila vinajazwa kwa nje, na maji yaligandishwa usiku ili yasimwagike wakati wa kupakia. Anayekosa cha plastiki anaweza kuchongewa cha tripleksi (plaiwudi) na seremala mwenye vipimo hivyo hivyo, chenye matundu pande zote nne. Tripleksi haidaiwi ule muhuri wa mbao zilizotibiwa kwa joto. Mbao nzima zinadaiwa. Mbwa azoee kulala humo wiki nne kabla, mlango ukiwa wazi, na chakula apewe humo humo.

Bei ndiyo lalamiko langu la pili. Makadirio ya kwanza yalitumia uzito wa mizani, yaani mbwa kilo 34 na kizimba 13, jumla 47. Ndege hazitozi hivyo kwenye kago. Zidisha 102 kwa 69 kwa 76, unapata sentimita za ujazo 534,888. Gawanya kwa 6,000, yaani sentimita za ujazo zinazohesabiwa kama kilo moja, ni kilo 89. Unalipia kubwa kati ya hizo mbili. Wakala wa mizigo anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, na alipaswa kuisema siku ya kwanza, si wiki ya mwisho wakati mteja hana tena pa kukimbilia.

Njia ya Addis Ababa naiunga mkono. Kupitia Johannesburg unaingia kwenye kanuni za Afrika Kusini na vibali vyao. Kuhusu majira, Oktoba na Novemba joto letu hapa ni kali kabla mvua hazijashika, na kizimba kinaweza kukaa kwenye lami karibu na ndege; Juni na Julai ni bora kwake. Chakula chepesi muda wa saa sita kabla ya safari, maji mpaka dakika ya mwisho. Dawa ya kumlaza ikatae hata ikisisitizwa: inashusha presha ya damu na kumnyima mbwa uwezo wa kujirekebishia joto, tena huko chini hakuna wa kumwangalia. Wakala walikataa wenyewe kabla sijauliza, nikawaheshimu kwa hilo.

Anayehamia Uingereza, Ireland, Finland, Malta au Norway aongeze dawa ya minyoo ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Marekani ni habari nyingine: tangu Agosti 2024 mbwa lazima awe na miezi sita na aingie kupitia viwanja vichache tu.

Na wenye farasi, kwa kuwa wakala hawa wanatangaza kwamba wanabeba na farasi: tatizo si kizimba wala ndege. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, na Kongo haimo kwenye orodha ya nchi ambazo farasi huruhusiwa kuingia Ulaya. Atakayekuambia anampeleka moja kwa moja kutoka Luano, mwombe akuonyeshe hilo kwa maandishi kabla hujalipa hata dola moja.

Kule Zaventem mbwa hutolewa kwenye kago, si kwenye mkanda wa mabegi, na huko karatasi hukaguliwa na chipu husomwa. Kisha una siku nane za kumwandikisha kwenye DogID, daftari la mbwa la Ubelgiji.

Kwa kizimba, muhuri na ndege ningewalipa hawa hawa tena. Kalenda ya chanjo na damu ningeishika mwenyewe, na hesabu ya kilo za ujazo ningewapelekea mimi, imeandikwa, kabla hawajanitajia bei.