Mboji ya mabaki ya mawese kutoka Kyela: uzoefu wangu kwenye migomba

Nalima ndizi Rungwe, upande wa Tukuyu. Msimu huu nimetumia mboji inayotengenezwa na kikundi cha wakamuaji wa mawese huko Kyela. Kwa migomba naipendekeza bila kusita. Kwa mahindi, peke yake haitoshi.

Kwa migomba, sababu ni potasiamu. Mgomba unaila kuliko kirutubisho kingine chochote, na huku kwetu mvua haikatiki, inaisukuma chini mizizi isikofika. Sasa mkungu wa chikichi ukishapukuchuliwa, kile kibunzi kinachobaki ndicho kimejaa potasiamu. Katika kilo 100 za mikungu, vibunzi ni zaidi ya kilo 20, na wengi bado wanavichoma au kuviacha vioze nyuma ya mashine. Inaniuma kuona hivyo wakati migomba jirani inanyauka kwa njaa.

Nilishuka mwenyewe kuona wanavyofanya. Vibunzi vinakatwakatwa kwa panga, vinachanganywa na makapi na samadi, halafu lundo linanyweshwa yale maji ya kahawia yanayobaki baada ya mawese kuenguliwa. Hapo ndipo waliponifurahisha zaidi. Maji yale yana uchachu na mafuta. Yakimwagwa Mbaka au Kiwira yanawanyima samaki hewa hadi Ziwa Nyasa. Kwenye lundo yanaleta naitrojeni ambayo vibunzi vina upungufu nayo. Mama anayesimamia lundo aliniambia nitie mkono ndani. Nikauchomoa haraka. "Bado linapika, mwanangu. Likipoa ndiyo upakie."

Shambani, yale majani ya chini yaliyokuwa yanageuka njano na kukauka kuanzia nchani yamepungua sana, na machipukizi yametoka manene. Mistari niliyoiacha bila mboji bado ina majani yaleyale ya njano. Udongo nao umekuwa laini, unashika unyevu hata jua likiwaka siku kadhaa.

Kasoro zipo. Mzigo mmoja ulikuja haujaiva: nyuzi ndefu, ngumu, harufu ya kuchacha. Mboji ya namna hiyo ukiitia shambani, wadudu wanaoiozesha wanachukua naitrojeni ya udongo na mimea inapauka. Nilikaa nayo kivulini nikiigeuza mpaka ikapoa. Kikundi kiweke alama kwenye kila lundo, mteja ajue lililoiva. Halafu masika viroba vinalowa, na kutoka Kyela kupandisha huku nauli ni ya uzito, unalipia maji.

Wanauza pia mashudu ya mise, yaani mabaki ya kokwa za chikichi zikishakamuliwa mafuta. Protini yake ni kama asilimia 14 hadi 18, nyuzi nyingi. Ng'ombe wangu wa maziwa wanayapenda yakichanganywa na pumba. Nguruwe nawapa kidogo tu.

Mboji nimeshaagiza tena, ya shamba la juu, na nimewaambia ipakiwe kabla mvua hazijaanza.