Ndege yangu ya kwanza na mtoto wa miezi mitano, Dar hadi Mwanza na kurudi

Nianze na nauli, maana najua ndiyo mnayoitaka. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hanunuliwi kiti, anapakatwa. Wangu nilimlipia asilimia 10 ya nauli yangu na tozo zake juu, na mashirika mengi hesabu yao inazungukia hapohapo. Basi lingekuwa nafuu, sibishi. Lakini Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na mimi safari hiyo niliwahi kuipiga nikiwa peke yangu, nikashuka nimevimba miguu. Baba mtoto akashauri tupande SGR hadi Dodoma kisha tuunganishe basi. Nikamwuliza, "Na mtoto atakaa kwa nani?" Akanyamaza, akalipa tiketi.

Shirika silitaji. Walinikosea jambo moja tu na mengine walifanya vizuri, ila wenyewe wanajijua.

Kabla ya safari nilimpitisha kliniki. Chanjo ya wiki ya 14 alishapata, nikajua nesi ataniuliza habari hizo. Hakuuliza. Aliuliza kama mtoto ana mafua. Akanieleza kwamba kuna kijia chembamba kinachounganisha sikio na nyuma ya pua, hewa inapita hapo kusawazisha mgandamizo ndege inapopanda na kushuka. Mafua yakikiziba, mtoto anaumia masikio na hana namna ya kukwambia. Tulikuwa hatuna mafua. Nikaondoka kifua mbele.

Cheti cha kuzaliwa bebeni. Mimi niliambiwa na wajuaji kuwa kadi ya kliniki inatosha, nikawasikiliza kisha nikafuata cheti RITA hata hivyo. Kaunta dada alikiomba kweli, akaangalia tarehe, akampa mwanangu pasi yake mwenyewe ya kupandia, jina lote na la ukoo, utadhani mkurugenzi anakwenda kikaoni.

Kwenye mashine ya ukaguzi mtoto anashushwa kutoka mgongoni. Nilikuwa nimembeba kwa khanga, nikafungua fundo, nikapita naye mikononi, nikafunga tena. Nyuma yangu kulikuwa na dada mwenye kile kibebeo cha kisasa chenye vifungo vingi, bado anahangaika nacho mimi nimeshavaa viatu. Maziwa niliyokamua yalikuwa kwenye chupa. Askari akauliza, "Ya mtoto?" Nikasema ndiyo, akanipitisha.

Sasa hilo kosa lao. Tumeshaingia ndani, tumeshakaa, ndipo tunaambiwa ndege imechelewa saa mbili. Si kwamba imechelewa ndiyo kunaudhi, ndege zinachelewa. Ila namba yangu ya simu walikuwa nayo. Ujumbe mmoja tu ningebaki nyumbani namwogesha mtoto kwa nafasi. Nilikuwa nimebeba pampasi tano kwa safari ya saa moja na nusu, mama yangu akanicheka nikitoka. Nilifika Mwanza na moja.

Na ule ucheleweshaji ndio ulioniharibia mpango, kwa sababu muda wote huo nilikuwa namnyonyesha. Analia, titi. Anashangaa taa, titi. Tulipoitwa, familia zenye watoto zikatangulia. Nilijiona mheshimiwa sana, hadi nilipogundua nimejipatia dakika 20 za ziada kwenye kiti, ndani ya joto, huku abiria wengine wakisukuma mabegi juu ya vichwa vyetu. Kama kiti chako kina namba, unawahi nini?

Ndani, mhudumu akaniomba nihame. Nikajiandaa kugomba. Akaniambia taratibu, "Mama, upande huu kuna mtoto mwingine, na barakoa ya oksijeni ya ziada ni moja." Kumbe kila upande wa safu kuna barakoa moja zaidi ya idadi ya viti, kwa ajili ya mtoto wa kupakatwa. Vichanga wawili wakikaa pamoja, mmoja hana yake. Nilihama bila neno. Akaniletea mkanda mdogo unaopita kwenye mkanda wangu kisha unamzunguka mtoto, akanionyesha mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa naitikia tu.

Ndege ikipaa nikafanya kama nilivyofundishwa na kila mtu: mnyonyeshe ikipaa. Nikamnyonyesha. Akashiba juu ya shibe, akalala fofofo. Nikachungulia mawingu, nikanywa juisi yangu, nikajisifu kimoyomoyo.

Alilala hadi masikio yangu yalipoanza kuziba. Tangazo la kufunga mikanda lilikuwa bado. Akashtuka na kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, kirefu, chembamba, mkono umeshika sikio. Nikampa titi, akaligeuzia uso. Atalitakia nini, tumbo limejaa hadi kooni? Nikampa chupa, akaisukuma. Ndege nzima imenigeukia, au mimi ndiye niliyeona hivyo.

Kiti cha jirani alikaa mama mtu mzima, amejifunga kitenge, muda wote hakuwa amesema zaidi ya salamu. Akasema, "Mwanangu, usimlazimishe. Mpe kidole." Mimi na usafi wangu nikapaka kwanza sanitaiza, nikasubiri ikauke, nikamtia kidole mdomoni. Alikunja uso kama aliyelamba shubiri, kilio kikapanda daraja jingine. Yule mama akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mdondoshee maziwa mdomoni, kidogokidogo, ameze tu." Nikafungua chupa, nikadondosha tone kwenye mdomo wa chini. Akalilamba. Akameza. Tone jingine, akameza. La nne hivi akanyamaza, akabaki ananikodolea macho huku machozi yanamtiririka hadi masikioni. Tukaenda hivyo, tone kwa tone, hadi nikaona maji ya ziwa chini yetu na majabali, na matairi yakagusa ardhi. Blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa yote ya akiba.

Bibi yake alimpokea nje, "Mwangaluka, mwangaluka," mtoto akamcheka kama vile hakuna kilichotokea. Wiki nzima mimi ndiye niliyekuwa naiwaza safari ya kurudi.

Halafu shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, akanizidishia hofu mezani tunakula sato. Ndani ya ndege, anasema, hewa inawekwa kama ya mtu aliye mlimani, mita 2,000 na kitu, mwisho 2,400. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitua hapa masikio yanashuka nusu ya mlima. Ukitua Dar yanashuka mlima wote. Yaani kilio kile kilikuwa cha bei ya punguzo.

Nikapanga upya. Alinyonya nyumbani asubuhi, basi. Uwanjani nikamzungusha, nikamwimbia, nikampa kona ya khanga atafune. Ndege safari hii ilikuwa ya pangaboi, inanguruma muda wote, na ule mngurumo kwake ukawa bembea, akalala mapema. Wakati wa kupaa sikumwamsha, na hakuonyesha kuumia. Niliangalia saa. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na dalili yake ni masikio yako mwenyewe, usingoje tangazo. Yangu yalipoziba kidogo tu, nikamgusa shavu, akaamka na njaa zake. Akanyonya bila kupumzika, naona koo linapanda na kushuka, hadi tumetua Dar. Nilikuwa nimejifunika khanga gubigubi kwa jua la dirishani, nikatoka nimeloa jasho. Mtoto mkavu.

Choo cha ndege hiyo ndogo sikukijaribu kwa pampasi. Nilimbadilisha mapajani, chini nikatandika khanga ya pili. Bebeni khanga mbili. Tatu, kama mnaweza.

Wahudumu nawapa 9 kwa 10, kile kiti walichonihamisha ndicho kilichonifanya niwaamini. Shirika lenyewe 6, kwa ule ujumbe wa simu ambao hawakuutuma. Pasaka tunarudi Mwanza, na kwa jinsi ninavyomwona, atakuwa anatambaa na kuvuta kila kinachoning'inia. Kupakata mtoto anayetaka kushuka sijawahi kujaribu, nikirudi nitawaambia kama hiyo 9 imebaki.