Samba katika ofisi yenye Windows, Mac na Linux: tathmini ya majina ya faili

Katika ofisi yetu ya uchapaji hapa Michenzani, msanifu wa kurasa anatumia Mac, mhasibu anatumia Windows, na seva inaendeshwa kwa Linux. Programu inayowakutanisha wote katika folda moja ni Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo hutolewa bure. Kwa kasi na uthabiti sina lalamiko. Penye uzito ni majina ya faili.

Linux hukataza mkwaju (/) na karibu hakuna kingine, ilhali Windows hukataza alama tisa, zikiwemo nukta pacha, nyota na alama ya kuuliza. Basi kadi iliyohifadhiwa kwenye seva kwa jina la "Mwaliko: Harusi ya Wete.pdf" humfikia mhasibu ikiwa na jina mfano wa M7QK2D~V.PDF. Samba hufanya hivyo ili faili ifunguke badala ya kutoonekana kabisa, na kweli hufunguka, lakini mteja akiwa amesimama mezani anasubiri kadi yake, hakuna awezaye kuitambua kwa jina hilo. Mac nayo huzificha alama hizo kwa herufi za Unikodi (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) zisizo na umbo rasmi, ambazo kwenye Linux huonekana kama visanduku vitupu.

Dawa imo ndani ya Samba yenyewe. Moduli, yaani kiongezo cha programu, iitwayo catia huzibadilisha alama zilizokatazwa ili Windows izikubali, na moduli ya fruit, ikipangwa ipasavyo, huyaandika majina ya Mac kwa herufi za kawaida. Ninachokilaumu ni kwamba zote mbili huja zikiwa zimezimwa, na ukiziwasha baada ya folda kujaa, majina yaliyokwishaandikwa kwenye diski hayajirekebishi. Naipendekeza Samba kwa moyo wote, ila fundi aziwashe siku ile ile anayofunga seva.

Lisilotatuliwa na moduli yoyote ni "Ratiba.odt" na "ratiba.odt" kukaa folda moja: kwa Linux ni faili mbili, kwa Windows ni jina moja, na mtumiaji hana hakika ipi itafunguka. Wenye hati za Kiarabu wazingatie pia kwamba jina kwenye diski ya ext4 (mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski) halizidi baiti 255, na kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili, hivyo jina zima la faili kwa Kiarabu lisipite herufi 127.