Pistoni mpya kwenye DT 125: uzoefu wangu na seti ya oversaizi 0.50, Newala

Nianze na hukumu: seti hii ya oversaizi, yaani pistoni iliyozidi kipenyo cha kawaida kwa milimita 0.50, ni nzuri na ningeinunua tena. Ila kwa mtu wa Newala au Tandahimba kupata pistoni siyo kazi. Kazi ni kumpata wa kuifunga.

Pikipiki yangu ni Yamaha DT 125 ya zamani, tustroki (injini ya mipigo miwili), ile inayopozwa na upepo. Inazunguka kwenye mikorosho mwaka mzima, na huku juu kwenye uwanda wa Makonde njia ni mchanga na vumbi. Ikifika Juni na Julai, watu wakipuliza salfa kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), hewa yenyewe inakuwa unga. Ea klina ikichoka kidogo tu, uchafu huo unapita kabureta, unaingia kwenye karanki (chumba cha chini ya pistoni), ndipo unapanda juu ya pistoni, maana tustroki inavutia hewa chini. Dalili zilikuja polepole. Kiki ikawa laini, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, mlimani inadai gia ya chini, na injini ikiwa ya baridi inagonga. Tulipoifungua, pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wa kabureta, ringi zimeisha.

Seti niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi hadi Mtwara mjini. Ndani kulikuwa na pistoni, ringi mbili, pini na klipu mbili. Umaliziaji wake ni safi, mshale wa juu unaosomeka vizuri (huo uelekee ekzosi, usigeuzwe), na vile vipini vidogo vya kuzuia ringi isizunguke vimekaa imara. Vipini hivyo siyo mapambo. Bloku (silinda) ya tustroki ina matundu ubavuni, ncha ya ringi ikinasa pale ringi inavunjika. Nilichokasirikia ni kwamba muuzaji aliitangaza kama seti kamili, kumbe gasketi na beringi ya sindano ya juu ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) unanunua peke yake.

Kuhusu kuchonga bloku ili pistoni kubwa iingie, usikubali ichongwe kabla pistoni haijafika mkononi. Kipenyo cha kawaida cha DT hii ni 56 mm, kwa hiyo oversaizi 0.50 ni 56.5 kwenye karatasi, lakini mchongaji anatakiwa apime pistoni yako yenyewe, kisha aache nafasi ya takribani 0.04 hadi 0.05 mm. Ukibana zaidi ya hapo injini ikipata moto inakamata. Kijana aliyenichongea pale mjini alipima bila kuambiwa, akaacha mistari ya kukatana ndani ya bloku ili oili ishike. Alichosahau ni kulainisha kingo za matundu. Zilikuwa kali kama wembe, zikamaliziwa baadaye kwa msasa laini.

Sasa fundi. Mafundi bodaboda wetu ni hodari kwa injini za fostroki, lakini mmoja aliitazama hedi yangu (kifuniko cha juu ya bloku) akaniuliza valvu ziko wapi, wakati tustroki hii haina valvu pale! Nikachukua vyuma vyangu. Mtu aliyenifaa ni mzee anayetengeneza mashine za kupulizia salfa. Zile za kubeba mgongoni nazo ni tustroki, na yeye kazi yake kila msimu ni pistoni, ringi na gasketi. Nilimwamkia, nikamwonyesha bloku, akacheka: "Mwanangu, hii si mashine ya salfa iliyowekewa magurudumu?"

Kazi yake ningeipa tano juu ya tano. Alitia kila ringi peke yake ndani ya bloku akapima mwanya wa ncha kwa fila geji, 0.3 mm, akaridhika. Aliziba mdomo wa karanki kwa kitambaa kisafi kabla ya kugusa klipu, kwa sababu klipu ikidondoka mle ndani mnapasua injini nzima. Klipu za zamani alizitupa. Gasketi ya chini hakutaka kukata ya karatasi yoyote, akasema unene ukizidi bloku inanyanyuka na matundu yanafunguka wakati usio wake. Nati za hedi alikaza kwa kupishana, injini ikapashwa moto, ikaachwa ipoe kabisa, akarudia kukaza. Pampu ya oili aliitoa hewa, na tenki la kwanza tukachanganya oili kidogo kwenye petroli kwa usalama. Natumia iliyoandikwa JASO FD, daraja la Kijapani la oili ya tustroki. Moshi ni mdogo.

Mwanzoni sikubeba gunia wala abiria, na sikushikilia mwendo mmoja. Kwenye mteremko wa kushuka bonde la Ruvuma bado nina tahadhari: ukifunga mafuta huku gia inavuta, injini inazunguka kasi na oili inayofika ni kidogo, hivyo nafungua kidogo kila baada ya muda.

Msimu wa salfa umepita wote na inawaka kwa kiki moja au mbili. Gharama iliyoniuma ni nauli za kwenda na kurudi mjini, kuliko hata pistoni.

Kabla hujaagiza, shika konrodi uivute juu na chini. Ikicheza, hela yako iende kwenye shafti ya karanki kwanza. Yangu ilikuwa imetulia, nikaiacha.